Nguruwe si Mchafu, Tumemchafua

"Nguruwe ni nguruwe tu. Hata ukimjengea ghorofa, atalala kwenye kinyesi." Maneno haya nimeyasikia Mikumi, nimeyasikia Kilosa mjini, tena kutoka kwa watu wanaosomesha watoto kwa fedha ya nguruwe. Ni uongo. Na ni uongo unaoendelea kuishi kwa sababu una nafuu ndani yake: anayeuamini hana haja ya kufagia banda, wala kuongeza maji, wala kuinua paa.

Novemba iliyopita niliingia kwenye banda moja nyuma ya nyumba huko Mikumi, si mbali na barabara kuu iendayo Iringa. Ilikuwa saa saba mchana. Bati lilikuwa chini kiasi cha kunigusa kichwa, na mianya ya mbao imezibwa kwa viroba vya mbolea. Ndani walikuwamo nguruwe sita wa miezi mitano, kwenye nafasi ambayo kitanda kimoja kingemaliza nusu yake. Walikuwa wakihema midomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka. Mmoja alilala ubavu kwenye dimbwi la mkojo. Mwingine alikuwa akiguguna mbao ya mlango, palepale, bila kuacha, na mbao yenyewe ilishalika ikawa nyembamba katikati. Wawili hawakuwa na ncha za mikia, wenzao walizing'ata. Mwenye banda, kijana mchapakazi aliyenipokea vizuri, alimnyooshea kidole yule wa kwenye mkojo akasema, "Unaona? Ndivyo walivyo."

Sivyo walivyo. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza kama sisi. Jua likiwaka, njia yake ni kulowanisha ngozi na kuacha unyevu uondoke na joto. Ndiyo maana akiwa huru hutafuta tope: tope hukaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu, na humkinga na jua na wadudu pia. Sasa mnyime maji, mnyime kivuli, mfungie chini ya bati la Novemba. Kitu pekee chenye unyevu kilichobaki humo ni mkojo wake mwenyewe.

Mpe nafasi uone. Kwa jirani yangu Kilosa banda limeezekwa nyasi juu ya nguzo ndefu, ukuta unaishia kiunoni, na sakafu imeinamishwa kidogo upande mmoja. Upande wa juu una majani makavu, wa chini una bomba linalovuja kidogo makusudi. Kinyesi chote utakikuta kwenye kona ya chini. Hakuna aliyewafundisha. Kule Edinburgh, Scotland, watafiti Alex Stolba na David Wood-Gush waliwahi kuwachukua nguruwe wa kufugwa, wa aina ileile ya mabandani, wakawaachia eneo lenye miti, vichaka na kijito. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989: nguruwe wale walijitengenezea malazi ya nyasi, wakaenda kujisaidia mbali na wanapolala, na zaidi ya nusu ya mchana wao ilipita wakila majani na kufukua ardhi kwa pua.

Nusu ya mchana. Wetu anakula pumba zake dakika kumi asubuhi na kumi jioni, halafu anatazama ukuta. Pua iliyoumbwa kufukua haipati cha kufukua, basi inageukia mbao, sikio la mwenzake, mkia wa mwenzake. Na jike anayekaribia kuzaa ndiye anayeniumiza kuliko wote. Amebeba mimba siku 114, saa zimefika, naye anaparua saruji tupu kwa miguu ya mbele na kusukuma ukuta kwa pua. Anatafuta nyasi za kujengea kiota. Huwa hakuna aliyekumbuka kumwekea hata konzi moja.

Najua jibu litakalokuja, na ni la haki: "Unataka tuwaache wazurure?" Hapana. Sisi tunaoishi pembeni ya Hifadhi ya Mikumi tunawaona ngiri wakila majani kwa magoti kando ya lami. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na papasi wanaokaa kwenye mashimo yao huvihifadhi. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walitangaza kuvikuta katika papasi waliotolewa kwenye mashimo ya wanyama hapahapa Tanzania. Ugonjwa huo hauna tiba, na ukiingia bandani unaweza kufagia wote. Nguruwe anayezurura pia hula kinyesi cha watu, akaturudishia tegu mezani. Kwa hiyo kumfungia ni sawa, nami nafungia. Lakini tukishamfungia tumemwondolea uwezo wa kujitafutia kivuli, maji, nyasi na shughuli, na vitu hivyo vinakuwa deni letu kwake.

Deni lenyewe si kubwa. Hapa Kilosa watu huchoma mabua ya mahindi baada ya mavuno. Nguruwe angeyapasua siku nzima kwa furaha. Kata majani ya mgomba, tupia matembele, weka gogo bichi. Sisi ni watu wa mkonge tangu enzi za mashamba makubwa ya Kimamba na Rudewa: kipande cha kamba ya katani kikining'inizwa usawa wa pua kinaokoa mikia ya banda zima. Iwe katani, si kamba ya plastiki, maana ya plastiki nguruwe ataimeza. Inua paa, bomoa nusu ya ukuta, mmwagie maji mchana. Na maji ya kunywa yawepo muda wote: jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita 20 hata 30 kwa siku, sasa lile sufuria moja la asubuhi ni la nani?

Kuna wanaosema mnyama huyu ni najisi, hivyo hastahili haya. Hukumu ya dini juu ya nyama yake naiheshimu, na asiyekula asile. Lakini waumini wenzetu wa Kiislamu wanakijua vizuri kisa cha aliyesamehewa dhambi kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Kutomla mnyama hakujawahi kuwa ruhusa ya kumtesa.

Faida ipo, bila shaka. Nguruwe aliyezidiwa na joto hula kidogo na kukua polepole, na aliyeburutwa kwa hofu hadi kuchinjwa hutoa nyama iliyopauka, laini, inayochuruzika maji. Mpenzi wa kitimoto anaitambua akiiona kikaangoni. Ila sitaki tufike kwenye huruma kwa njia ya mizani peke yake. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Haikumtoa nguruwe.

Yule kijana wa Mikumi nilimwomba tuondoe viroba ukutani na tulete ndoo mbili za maji. Tulipomwaga ya kwanza, wote sita, hata yule wa kwenye mkojo, walikuja kusimama chini ya maji.

Mfugaji mwenzangu, kesho saa saba mchana ingia kwenye banda lako, funga mlango, ukae humo dakika kumi. Ukitoka, anza na maji.