Soriasisi Haikomei Kwenye Ngozi

Maradhi ni mmoja wa maadui watatu ambao Taifa letu lilitangaza kupambana nao tangu Uhuru mwaka 1961. Lakini adui huyu hupata nguvu anaposaidiwa na mwenzake, ujinga. Mfano ulio dhahiri ni ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi.

Mgonjwa wa soriasisi hutokwa na mabaka mazito yenye magamba, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo huelekea rangi ya kijivu au zambarau, kwa hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi. Wapo wanaokataa hata kumpa mgonjwa mkono. Woga huo hauna msingi. Soriasisi haiambukizi, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilitamka jambo hilo katika azimio lake la mwaka 2014.

Lakini liko kosa kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba ugonjwa huu unakomea kwenye ngozi. Kiini chake ni kinga ya mwili iliyopotoka, ikaushambulia mwili wenyewe. Kemikali zinazochochea mabaka huzunguka katika damu, zikadhoofisha kazi ya insulini na kudhuru mishipa. Mafuta ya tumboni nayo hutoa kemikali za namna hiyo hiyo. Ndiyo maana wagonjwa wa soriasisi, hasa iliyo kali, hupatwa na unene, kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo kuliko watu wengine. Na mgonjwa mnene anayepunguza uzito, mara nyingi ngozi yake hupata nafuu.

Basi yatupasa kujiuliza: ni haki mgonjwa apewe dawa ya kupaka na kuambiwa aende nyumbani, asipimwe uzito, sukari wala shinikizo la damu? Vipimo hivyo havihitaji hospitali ya rufaa. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC kimekuwa kikiandaa matabibu tangu miaka ya 1990. Ujuzi huo hauna budi kushikamana na kazi ya kliniki za kisukari, badala ya kila upande kufanya kazi peke yake.

Walimu nao wana wajibu. Mwanafunzi au mtumishi mwenzao mwenye mabaka asitengwe, bali ahimizwe kwenda kupimwa mwili mzima. Kumficha mgonjwa kwa aibu ya ngozi ni kumwachia adui mlango wazi aingie moyoni.