Kaswende ya Kichanga ni Deni la Kliniki

Kaswende ya kuzaliwa nayo humpata mtoto akiwa bado tumboni, pale bakteria wa Treponema pallidum wanapovuka kondo la nyuma kutoka kwenye damu ya mama. Mama mwenyewe huenda asijue lolote: kidonda cha mwanzo hakiumi, hupona chenyewe, na ugonjwa ukaendelea kimyakimya kwa miaka. Penisilini imekuwa ikiutibu tangu miaka ya 1940. Hata hivyo, kwa mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria visa 661,000 vya maambukizi haya duniani, na zaidi ya 200,000 kati yake viliishia kwa kifo, ama tumboni ama muda mfupi baada ya kuzaliwa. Hiyo ni aibu, na wanaopaswa kuibeba si akina mama.

Bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto huitwa mambo yakiwa tayari yameharibika. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina bingwa wa aina hiyo, kwa hiyo kazi humwangukia daktari wa watoto wa kawaida, au tabibu wa kituo cha afya aliye peke yake zamu ya usiku. Anachotafuta kinajulikana. Ngozi ya viganja na nyayo huweza kuwa na vipele au kubambuka. Pua hutoa makamasi mazito, wakati mwingine yenye damu. Ini na wengu huvimba, macho huwa ya manjano, na mtoto hukosa damu. Wapo watoto wanaokataa kusogeza mkono mmoja, mzazi akadhani umeteguka wakati wa kujifungua, kumbe mfupa umeshambuliwa na unauma. Picha ya eksirei ndiyo huonyesha. Lakini watoto wengi wenye maambukizi haya huzaliwa wakionekana wazima kabisa. Hurudishwa nyumbani, wakapewa jina, na dalili zikajitokeza wiki au miezi baadaye. Wasiotibiwa hukua na meno ya mbele yaliyopinda umbo, macho yenye makovu na masikio yasiyosikia.

Kuthibitisha ugonjwa kwa kichanga ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto, hivyo kipimo cha haraka kinaweza kusoma "ana ugonjwa" kwa mtoto asiyeambukizwa, tena kwa zaidi ya mwaka. Ndiyo maana daktari huchukua damu ya mama na ya mtoto, akazipima zote mbili kwa kipimo cha RPR na kulinganisha viwango vya kingamwili. Kiwango cha mtoto kikiwa mara nne ya cha mama au zaidi, hilo ni jibu. Kikiwa chini ya hapo, jibu bado halijapatikana. Hapo daktari hutazama dalili, hupima maji ya uti wa mgongo ikiwezekana, na zaidi ya yote hurudi kwenye swali moja: mama alitibiwa lini, kwa dawa gani? Matibabu yake huhesabiwa kuwa yametosha ikiwa alipata penisilini angalau siku 30 kabla ya kujifungua.

Mtoto aliyethibitika kuugua huchomwa sindano za penisilini kwa siku 10 mfululizo. Siku zikirukwa, mwongozo hutaka dozi ianze upya. Kwa familia inayoishi mbali na hospitali, siku 10 za wodi ni nauli, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, na watoto wengine walioachwa kwa jirani. Baada ya hapo mtoto hurudi kupimwa kila baada ya miezi miwili au mitatu hadi kipimo kisionyeshe tena ugonjwa. Dozi moja ya sindano kwa mama, ikitolewa mapema, ingeiepusha familia hii na hayo yote.

Hapa ndipo penye jambo la kukasirisha. Mtoto akishalazwa, maneno huanza: mama huyo amejitakia, mama huyo hakujitunza. Husemwa mtaani, husemwa na mawifi, na mara nyingine husemwa wodini na watu waliovaa sare. Wakati huohuo kadi yake ya kliniki iko mezani, ina mihuri ya mahudhurio, ina jibu la VVU, na nafasi ya kipimo cha kaswende ni tupu. Mama alifika. Kipimo hakikuwepo, au kilikuwepo hakikufanywa, au jibu lilitoka na dawa ikawa imekwisha. Kumlaumu baada ya hapo ni dhuluma, hasa kwa kuwa wengi wao wamepata ugonjwa kutoka kwa waume zao wa ndoa, wanaume ambao hakuna aliyewaita kuja kupimwa.

Ushahidi kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti haukutoka mbali. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wajawazito kwa makini. Miongoni mwa waliokuwa na kaswende kali na hawakuwa wamepimwa wala kutibiwa, mmoja kati ya kila wanne alijifungua mtoto mfu. Katika kundi hilo la wasiopimwa, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni vilitokana na kaswende. Waliopimwa na kupewa dozi moja tu ya benzathini penisilini walijifungua salama sawa na wanawake wasio na ugonjwa. Nairobi nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilijaribu kupima na kutibu palepale kliniki badala ya kupeleka damu maabara ya mbali na kumwambia mama arudi siku nyingine. Njia hiyo ilifanya kazi. Kanda hii haina haki ya kusema haikujua.

Sababu ya kushindwa ni fedha na vipaumbele. VVU ilipata wafadhili, ripoti na wasimamizi; kaswende haikupata. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri kliniki za wajawazito zianze na kipimo kimoja kinachosoma VVU na kaswende kwa tone lilelile la damu, na hilo limeondoa kisingizio kikubwa. Limebaki tatizo la dawa. Benzathini penisilini ni ya bei ndogo, hivyo viwanda vinavyotengeneza malighafi yake ni vichache, na miaka ya 2014 hadi 2016 nchi nyingi zilikumbwa na uhaba. Kwa mjamzito hakuna mbadala wa kutegemewa: erithromaisini, kwa mfano, haivuki kondo vya kutosha kumtibu mtoto.

Maambukizi mengine ya tumboni yana njia zake. Rubela huzuiwa kwa chanjo, ambayo Tanzania iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2014 pamoja na ya surua. Madhara ya rubela kwa mimba yaligunduliwa Sydney mwaka 1941 na daktari wa macho, Norman Gregg, aliyewasikiliza kwa makini akina mama wa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho. Kirusi cha saitomegalo, kinachoongoza kwa kuenea, huharibu usikivu na hakina chanjo hadi leo. Katika kundi zima, kaswende ndiyo yenye kipimo cha haraka na tiba ya uhakika kabla mtoto hajazaliwa.

Utajiri wa nchi hautoshi kuimaliza. Marekani, yenye mabingwa wa kila aina, ilirekodi visa zaidi ya 3,700 vya watoto mwaka 2022, takribani mara kumi ya vile vya muongo mmoja nyuma. Kuba, nchi maskini kuliko hiyo kwa mbali, ilikuwa ya kwanza duniani kutambuliwa, mwaka 2015, kuwa imekomesha maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Wizara za afya zichapishe kila mwaka idadi ya wajawazito waliopimwa kaswende kando ya ile ya waliopimwa VVU, wilaya kwa wilaya, na bohari za dawa zieleze kila mwezi penisilini ilikokosekana. Na kila mjamzito aifungue kadi yake leo pamoja na mwenzi wake. Nafasi ya kaswende ikiwa tupu, warudi kliniki wote wawili na kudai kipimo.