Acheni kumwita mvivu, mpelekeni apimwe

Garissa hii, mwezi wa tatu, joto limepita 35, hata mbuzi wamejificha chini ya lori. Halafu kuna abaayo amejifunika shuka, vidole baridi kama soda. Nyinyi mnasema nini? Jini. Ama mvivu. Ama anataka kuolewa (hiyo nayo ilitoka wapi, wallahi sijui).

Ruqya someni, sipingi. Lakini nani alisema ukisomewa huwezi kutoa damu? Shingoni kuna tezi ya thairoidi, ndiyo inaamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Homoni yake ikipungua, mwili unatoa joto kidogo: unasikia baridi, unachoka, unanenepa na huli sana, hedhi inavurugika. Kipimo kinaitwa TSH. Dawa ni kidonge cha kila siku.

Ama ni upungufu wa damu tu. Na hiyo shaah mnayoteremshia chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, ngojeni hata saa moja basi.

Kinachoniudhi ni pesa. Mbuzi wa kuchinjia jini anapatikana, ya maabara eti hakuna. Si muuze huyo mbuzi?