Ukimtegea kicheche, usimtege mwanao

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nawasha jiko, mwanangu wa miaka mitatu akaingia akiwa ameshika yai kwa mikono miwili. Alikuwa akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa maji. "Mama, yai," akaniambia, uso umejaa furaha. Kuokota mayai ni kazi yake hapa nyumbani, na yai alilookota mwenyewe hulimaliza bila kubembelezwa.

Nililipokea, nikaliweka karibu na kikaango. Kisha nikajiuliza, hili yai limetoka wapi? Nina tetea wawili tu, na wiki hiyo wote wawili walikuwa wanaatamia. Kuku anayeatamia hatagi. Nikaligeuza. Kwenye ncha kulikuwa na tundu dogo, limezibwa kwa sabuni ya kufulia.

Mtoto alikuwa amepenya ua na kuliokota kwa jirani yetu, mzee tunayemheshimu sana. Siku mbili kabla, mzee huyo alikuta kuku wake sita wamekufa bandani, shingo zimeng'atwa. Hiyo ni kazi ya kicheche. Kwa hasira mzee akanunua dawa ya kuulia wadudu wa mimea, akatoboa yai, akaitia humo, akaliacha chini ya mchongoma.

Nililifunga yai kwenye gazeti nikaenda nalo kwake. Hata shikamoo sikuimaliza. Mzee alilitazama, akakaa chini. "Binti yangu, nilimtegea kicheche," alisema. "Mtoto sikumfikiria kabisa."

Nilimnawisha mtoto mikono kwa sabuni, nikambadilisha nguo na kumkimbiza zahanati. Alikuwa hajatia kitu mdomoni. Tulirudi mchana, yeye akiomba yai lake, mimi miguu ikitetemeka.

Mzazi mwenzangu, wengi wetu tuna kuku watatu au wanne nyuma ya nyumba. Tunawalinda dhidi ya mwewe, kicheche na wezi, na ni haki yetu. Lakini ulinzi wa kuku ukifanywa vibaya, anayeumia ni mtoto yule yule tuliyetaka apate yai.

Faida ya yai ni kubwa

Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, pamoja na vitamini B12 na virutubisho vingine ambavyo ubongo wa mtoto unavihitaji. Mtoto akishafikisha miezi sita anaweza kula yai, mradi limeiva mpaka kiini kimekuwa kigumu. Zile habari kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi, tuziache huko zilikotoka.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka Ecuador, ambako watoto walioanza wakiwa na miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Walikua vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Utafiti wa namna hiyo uliofanyika baadaye Malawi haukupata tofauti kubwa kama ile, na watoto wa huko walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Kwa hiyo yai si uchawi. Linasaidia zaidi pale ambapo sahani ya mtoto ina uji na ugali tu.

Kuku asilale chumbani

Nikiwa mdogo, kuku wetu walilala jikoni na wengine chini ya kitanda cha bibi. Sababu zilikuwa mbili, wezi na vicheche. Nyumba nyingi bado zinafanya hivyo mpaka leo, na sababu hazijabadilika.

Tatizo ni kinyesi. Kinyesi cha kuku hubeba vimelea vinavyoleta kuhara, na mtoto anayetambaa hushika kila kitu na kukipeleka mdomoni. Tumbo linaloshambuliwa na vimelea mara kwa mara hushindwa kutumia vizuri chakula, hata kama mtoto anakula. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za kaya za vijijini nchini Ethiopia. Kaya zenye kuku zilikuwa na watoto warefu zaidi kwa umri wao. Lakini pale ambapo kuku walilala ndani ya nyumba ya watu, uhusiano uligeuka, urefu wa watoto ukawa pungufu.

Kwa maneno mengine, yai linajenga na kinyesi kinabomoa, ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Banda si lazima liwe la gharama. Linyanyue kutoka ardhini nusu mita hadi mita moja kwa miti imara. Weka wavu wa chuma wenye matundu ambayo kidole gumba hakipiti, maana kicheche na nguchiro hupenya mahali usipodhani. Banda likiwa chini, mwaga zege au fukia wavu kwenda chini karibu sentimita 30 kuzunguka, kwa sababu wanyama hawa huchimba. Mlango uwe na komeo, na ufungwe kabla ya giza. Kuku wana tabia ya kurudi wenyewe jioni, hivyo kazi yako ni kuhesabu na kufunga. Anayefagia banda avae viatu, na akimaliza anawe kwa sabuni. Kazi hiyo isiwe ya mtoto mdogo.

Mjue adui kabla ya kupambana naye

Kifaranga akitoweka mchana bila hata unyoya, fikiria mwewe au kunguru. Nguchiro naye hutembea mchana. Ukiamka na kukuta kuku kadhaa wamekufa kwa usiku mmoja, huku wengi hawajaliwa, fikiria kicheche. Mayai yakipotea kiotani bila ganda kubaki, huenda ni nyoka au kenge. Na kabla ya kulaumu wanyama wa porini, mwangalie paka wa jirani.

Kwa mwewe na kunguru, kinga ni tenga. Mfungie tetea na vifaranga wake chini ya tenga kubwa au kwenye kijibanda cha wavu kwa wiki tatu au nne za mwanzo, uwape maji na chakula humo humo. Wakishaota manyoya na kujua kukimbia, watoe polepole. Vichaka vifupi uani pia husaidia, kwani mama yao akitoa ile sauti ya hatari wanapata pa kujificha.

Mtoto aking'atwa na kicheche, nguchiro au paka asiyejulikana, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wanyama hawa wanaweza kubeba kichaa cha mbwa, na chanjo haisubiri dalili.

Tetea akianza kuatamia

Utamtambua. Hatoki kiotani, anavimbisha manyoya, ananguruma ukimsogelea na anadonoa mkono. Huyo ameshaacha kutaga. Atakaa juu ya mayai siku 21, na baada ya kuangua atalea vifaranga kwa wiki nyingi kabla ya kutaga tena. Ndiyo maana mama mwenye tetea wawili, wote wakiatamia kwa pamoja, anajikuta ananunua mayai dukani.

Hapo familia inafanya uamuzi: mayai ya mtoto au vifaranga? Mimi sasa nimejifunza kuwapanga kwa zamu. Mmoja akiatamia, mwingine anataga. Huyu wa pili akianza dalili za kukalia kiota, namtenga kwenye kizimba chenye hewa, bila kiota wala matandiko, maji na chakula vikiwepo. Baada ya siku chache joto la kuatamia humtoka, kisha baada ya muda hurudi kutaga.

Mayai ya kuangulisha weka alama kwa penseli, kisha muwekee yote siku moja. Kuku mwingine akija kutaga kwenye kiota hicho, lile lisilo na alama liondoe siku hiyo hiyo. Kati ya siku ya saba na ya kumi, usiku, yamulike kwa tochi ya simu. Yai lenye mimba huonyesha mishipa kama mizizi midogo. Lisilo na kitu huonekana jeupe kote. Haya meupe yatoe, lakini usimpikie mtoto. Yai lililokaa wiki nzima chini ya joto la kuku limekwenda zake, liwe limenuka au halijanuka.

Jogoo ni wa nini?

Wapo wanaoamini bila jogoo tetea hatagi. Anataga. Jogoo anahitajika tu kama unataka vifaranga, na mmoja anawatosha tetea kama kumi. Mjini, ambako majirani wamebanana ukuta kwa ukuta, unaweza kufuga bila jogoo kabisa na mtoto akapata yai lake.

Ukimweka, utafaidi macho yake. Jogoo mzuri huona mwewe kabla yako na kupiga kelele. Lakini jogoo mkali ni hatari kwa mtoto, kwa sababu anaporuka, zile kucha zake ngumu za nyuma ya miguu hufika usawa wa uso. Jogoo anayemfukuza mtoto mara ya pili, jibu lake ni sufuria. Mtoto akichanwa, osha kwa maji na sabuni na uangalie kadi yake kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Akiumia jicho, usitie dawa yoyote nyumbani, mpeleke hospitali. Na mfundishe mtoto asimsogelee tetea mwenye vifaranga, maana huyo naye ni mkali kuliko jogoo.

Muuaji asiyeacha nyayo

Tunalaumu mwewe, lakini mdondo humaliza kuku wa kijiji kizima. Kuku wanaishiwa nguvu, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na baada ya siku chache uani kimya. Hauna tiba, una chanjo. Ipo ya tone la jicho, kila kuku tone moja, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ongea na ofisa mifugo wa kata, na mjipange na majirani mchanje siku moja. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe. Fukia kwa kina au choma moto.

Sumu isiingie kwenye chakula

Sasa turudi kwenye lile yai. Kutia sumu kwenye yai, nyama au dagaa ili kumnasa mnyama ni kutega mtego usiochagua. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutofautisha yai la kifungua kinywa na yai la kicheche. Wala mimi nisingeweza, kama tetea wangu mmoja angekuwa anataga asubuhi ile.

Nyingi ya dawa za kuulia wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili ni mate mengi, jasho, machozi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida na degedege. Ukihisi mtoto amekula au amegusa sumu, usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, ingawa wengi wetu tumeaminishwa kuwa ni dawa. Mvue nguo, muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, umuwahishe hospitali ukiwa na chupa au pakiti ya dawa ili daktari ajue cha kufanya. Wewe unayemuosha vaa glavu, au funika mikono kwa mifuko.

Dawa za shamba zikae juu, zifungiwe kwa kufuli, ndani ya chombo chake chenye lebo. Zisihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa siku moja.

Jumapili iliyofuata mzee alibomoa banda lake la zamani. Sisi tulichangia wavu, kijana wa fundi mbao akachangia nguvu, na mke wa mzee akatupikia. Kabla ya magharibi lilikuwa limesimama juu ya miguu minne. Kicheche amekuja tena, nyayo zake tumeziona asubuhi kwenye mchanga, na ameondoka na njaa.

Tetea wangu wameangua vifaranga 17, na mwanangu amerudi kazini kwake. Kila akiniletea yai, kabla sijapokea namuuliza amelitoa wapi. Ananishika mkono, tunakwenda wote mpaka kiotani, ananionyesha.