Orodha iliyo kichwani mwa karani

Najua nimewapotea kwa muda, na wengine mnangoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira na nataka niziteme hapa kabla sijalala.

Mpango wa kugawa shamba la mama umerudishwa mara ya tatu.

Kwa wale ambao hawajawahi kupitia haya: huwezi kuamka tu asubuhi ukachukua kamba na vigingi ukagawa shamba lako ukitarajia kupata hati. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kugawa ardhi ni "uendelezaji", na uendelezaji unahitaji kibali cha kaunti. Ukianza bila kibali, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo unamtafuta mpangaji ardhi aliyesajiliwa, anakuchorea mpango wa awali unaoonyesha vipande, vipimo na barabara, unaupeleka kaunti. Ukipitishwa, na kama ni shamba la kilimo, unaenda kwa bodi ya kudhibiti ardhi. Kisha soroveya anajaza fomu ya mutesheni, ramani ya usajili inarekebishwa, hati ya zamani inafungwa na mpya zinatoka. (Mahali pengine watakuambia uanze na bodi. Utajua ukifika.)

Shamba letu ni ekari 5, hati inasema hekta 2.02. Sitataja kaunti, maana bado faili letu liko pale na mimi si mjinga. Wazee walikaa, ikakubaliwa kila mtoto apate hekta 0.40, nasi tuko wanne. Mama abaki na 0.24 penye nyumba. Ploti mbili za 0.045 ziuzwe, karo ya kitindamimba ilipwe. Barabara ya kuingilia mita 6 kwa urefu wa mita 150, hiyo ni 0.09. Jumlisha: 2.02 kamili. Mwalimu mmoja jirani alikubali kununua ploti zote mbili, akalipa rubuni, mkataba ukatiwa sahihi wiki ya kwanza ya Januari. Mwisho wa mwezi huo tukapakia mpango kwenye mfumo wa kaunti, kwa mtandao, bila foleni. Nilijisikia raha siku hiyo. Nikamwambia mama, unaona, teknolojia.

Siku 41 baadaye mpango ukarudi. Barabara iwe mita 9.

Mniwie radhi, hapa sina ugomvi na mita 9. Mita 6 zinatosha siku shamba lina nyumba moja. Siku likiwa na nyumba ishirini, na lori la kunyonya maji taka limekutana na pikapika ya mawe, mtaelewa kwa nini mpangaji alitaka upana. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna mahali popote kwenye mfumo ule palipoandikwa mita 9. Si kwenye fomu, si kwenye ukurasa wa maelekezo, ambao ulisema tu "ambatisha mpango uliochorwa ipasavyo". Ipasavyo! Mpangaji wetu alikuwa amezoea kaunti ya jirani, ambako barabara fupi ya mita 6 alikuwa akipitishiwa. Mita 3 za ziada mara 150 ni mita za mraba 450, yaani hekta 0.045. Ploti nzima. Zikatoka kwenye kipande cha mama, kwa sababu vya watoto vilikuwa vimeshakubaliwa na wazee, na ploti za mwalimu zilikuwa na mkataba.

Tukachora upya. Siku 38, mpango ukarudi. Sasa wanataka eneo lililopimwa ardhini, si lile la kwenye hati. Soroveya akaja, akapima, akapata 1.98.

Nisimame kidogo hapa, maana wapenzi wa data mtalipenda hili. Mashamba mengi ya vijijini Kenya yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla. Ramani ya usajili inaonyesha shamba lako liko wapi na limepakana na nani, lakini mstari wenyewe ni wa makadirio, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inalisema hilo waziwazi. Mpaka halisi ni ua, mtaro, mstari wa mikonge. Kwa hiyo 2.02 na 1.98 zote zaweza kuwa "kweli", moja kweli ya karatasi na nyingine kweli ya udongo. Basi mwombaji atumie ipi kwenye mpango wa awali? Ni swali ambalo kila mtu anayegawa shamba la aina hii lazima akutane nalo, na jibu lake ni sentensi moja. Sentensi hiyo ilikuwa kichwani mwa karani. Ile 0.04 nayo ikatoka kwa mama. Sasa ana 0.155.

Mara ya tatu, siku 44, kosa ni kwamba nakala ya leseni ya mpangaji tuliyoambatisha ilikuwa ya mwaka uliopita. Mfumo uliipokea tarehe tuliyopakia. Ukaiweka kwenye seva. Ikakaa humo siku 44 ikisubiri binadamu aifungue na kusoma mwaka.

Sheria ya 2019 ina kifungu kizuri: ombi likikaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kinahesabika kimetolewa. Sisi waandishi wa programu tungesema kuna taimauti. Lakini hesabu zangu ziangalieni: 41, 38, 44. Hakuna hata mara moja walipofika 60. Kila kurudishwa kunarudisha saa kwenye sifuri. Jumla siku 123 za kungoja, mbali na wiki za kuchora na kupima upya, na hakuna aliyevunja sheria.

Na kuna saa nyingine inayokimbia kando. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi, ile ya 1967, ombi la idhini ya bodi kwa mauzo ya shamba la kilimo lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ukipitisha, mkataba ni batili kwa maneno ya sheria hiyo, labda ukaombe mahakama ikuongezee muda, na pesa zilizolipwa zinakuwa deni la kurudishwa. Bodi ya kwetu haitaki hata kukuona bila mpango uliopitishwa. Miezi sita iliisha mapema Julai. Mpango ulirudi katikati ya Julai. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema sana, alikuja nyumbani akanywa chai, akaomba rubuni yake. Simlaumu. Mdogo wangu ameahirisha muhula.

Sasa nije kwetu, wenye fani, kwa sababu hii hasira si ya kaunti peke yake.

Nilipokuwa chuoni mwaka 2018 serikali iliunda jopo la blockchain na akili bandia chini ya Bitange Ndemo, na kwa muda kila kongamano nililoingia kulikuwa na kijana mwenye slaidi za kuweka ardhi kwenye blockchain. Aprili 2021 ikazinduliwa Ardhisasa, ikaanzia Nairobi. Jiji lenyewe lilianza kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao tangu 2011. Kila mara tunashangilia kwamba karatasi imekufa. Karatasi haijafa, imeskaniwa tu. Mimi mwenyewe, kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu, niliandika ukurasa wa kupakia stakabadhi kwa ofisi moja ya umma. Unajua ukurasa wangu ulikagua nini? Kwamba faili ni PDF. Kwamba haizidi MB 5. Basi. Zabuni ilisema "mfumo wa kupakia stakabadhi" nami nikajenga mfumo wa kupakia stakabadhi, nikalipwa, nikanunua laptopu. Ungeweza kupakia picha ya mbuzi ndani ya PDF na ungepata ujumbe wa kijani wa pongezi. Hakuna aliyeniuliza kanuni za kukubali ombi ni zipi, na mimi sikuuliza.

Linganisheni na KRA, ambayo najua hakuna anayeipenda. Ile fomu ya Excel ya iTax tuliyoikasirikia wote ilikuwa na kitufe cha kuhakiki. Umekosea namba ya PIN, umeacha kisanduku, inakuonyesha kosa na mahali lilipo, kwenye kompyuta yako, kabla hujatuma chochote. Serikali inapotaka kuchukua pesa inaeleza kanuni hadi kisanduku cha mwisho. Mama anapotaka kugawa shamba lake anaambiwa ipasavyo.

Na haihitaji akili bandia. Jumamosi iliyopita nilikaa na kahawa nikaandika programu ya Python, haifiki mistari 100. Unaipa koodineti za pembe za kila kipande kutoka kwa faili ya soroveya. Inahesabu eneo la kila kipande, inajumlisha, inalinganisha na shamba mama. Inaangalia kama vipande vinapandana. Inaangalia kama kila kipande kinagusa barabara, na kama barabara ina upana unaotakiwa. Inasoma tarehe ya leseni. Mambo yote matatu yaliyoturudisha ingeyaona kabla chai haijapoa. Isingeweza kujua kama bonde la chini hufurika mwezi wa Aprili, au kama kijiji kinahitaji kiwanja cha shule ya chekechea. Hayo ndiyo mpangaji wa kaunti alisomea, na ndiyo ninayotaka apate muda wa kuyafikiria badala ya kusoma miaka kwenye leseni.

Ila programu yangu ina shimo. Ile "9" niliandika mwenyewe, kwa sababu nimeilipia. Kanuni nyingine sizijui, kwa kuwa bado hatujarudishwa kwazo.

Nimesikia utetezi. Ofisa mmoja, kijana mpole wa rika langu, aliniambia kila shamba ni tofauti, huwezi kuandika orodha moja. Lakini anayo orodha. Ameturudisha kwayo mara tatu. Mwingine akasema orodha ikichapishwa watu watachora ili wapite tu. Ndugu, hilo ndilo tunalotaka! Watu wachore barabara za mita 9 ili wapite.

Anayefaidika na orodha ya kichwani ni dalali. Nje ya ofisi ile kuna mtu anayekaa chini ya mti na bahasha, ambaye "anajua wanataka nini". Hauzi kibali, anauza habari ambayo ingekuwa bure. Na nyuma yake kuna wauzaji wakubwa. Mmeona matangazo: ekari 5, ploti 40, hamsini kwa mia, thumuni ya ekari. Fanyeni hesabu. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, wakati thumuni ya ekari ni 5,445, kwa hiyo tayari umepunjwa. Ploti 8 zinakula futi 40,000 kati ya 43,560 za ekari, zinabaki asilimia 8. Sasa weka barabara ya mita 9 kati ya safu mbili za ploti. Kila ploti inachangia mita 4.5 mbele yake, na hapo ekari 5 hazifikishi hata 38, kabla hujaweka njia ya kuunganisha safu wala kona wala kipande cha umma. Arobaini haziingii. Lakini zimeshauzwa, kwa cheti cha hisa na ahadi ya hati, kwa watu ambao hawakuwa na pa kuangalia kanuni. Ndipo barabara inakuwa ya mita 4 na gari la zima moto linabaki lami.

Sihitaji sheria mpya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 tayari inazitaka taasisi za umma zichapishe zenyewe, bila kuombwa, miongozo zinayotumia kushughulikia wananchi. Ninachotaka ni ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida, si picha iliyoskaniwa kwa upande, wenye kila sharti la mpango wa awali, tarehe lilipoanza na kifungu kilichotumika. Likibadilika, toleo la zamani libaki lionekane, na aliyeomba chini ya toleo la zamani ahukumiwe kwa hilo. Tunafanya hivi kila siku kwa programu za kuagiza chipsi.

Leseni mpya tumeambatisha, mpango umepakiwa kwa mara ya nne. Na Jumatatu nilipeleka barua ya kuomba orodha, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa sheria hiyo ya 2016 wana siku 21 za kunijibu. Zimebaki 17. Ile programu nitaiweka hapa wikendi, nikishasafisha vile vipande nilivyoviandika kwa hasira.