Saga Mwenyewe

Kuna msemo nimeuchoka: "Mkimbizi hachagui." Tuliusikia Nyarugusu kwenye foleni ya mgao, na bado tunausikia hapa Butihinda, kutoka kwa watu waliokwisha kurudi nyumbani na kadi ya mgao hawana tena. Kwenye foleni ulikuwa na ukweli wake. Unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, basi. Ungechagua nini hapo? Lakini sasa unaletwa hadi kwenye nyama, kitu tunachonunua kwa faranga zetu wenyewe, tena mara moja kwa mwezi ukibahatika. Hapo mimi nakataa.

Nasema hivi kwa sababu ya baga. Vijana wetu wanazipika nyumbani na kuwauzia madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam, wakisubiri karatasi zao pale mpakani Kobero. Kazi nzuri, nawapongeza. Ila wengi wananunua nyama ikiwa imeshasagwa, imelala kwenye beseni. Ukiuliza ni nyama ya wapi, unajibiwa: "Si ya ng'ombe?"

Jamani, ng'ombe ana sehemu nyingi. Ana bega na kidari, ana pafu na wengu, na ana kile kipande cha juzi kilichokosa mnunuzi. Nyama nzima ina uso. Unaona rangi yake, unainusa, unaibonyeza, na muhuri wa mkaguzi unauona pajani. Ikishapita kwenye mashine, vyote hivyo vimekwisha. Nyama ya kusaga haina uso, na asiye na uso hashtakiwi.

Wapo watakaosema hizi ni hofu za watu wa kambini, tumezoea kushuku kila kitu. Haya, twende kwa wenye maabara. Januari 2013, wakaguzi wa chakula wa Ireland walitangaza kwamba wamepima baga zilizoandikwa ni za ng'ombe wakakuta nyama ya farasi ndani. Katika moja ilikuwa asilimia 29. Walaji hawakuwa wamegundua, maana farasi aliyesagwa hana kwato. Na tusiende mbali: Julai 2019, NTV ya Kenya ilirusha uchunguzi juu ya nyama madukani Nairobi iliyotiwa dawa ili ionekane mbichi. Kama mjini wenye majokofu wanafichwa, sisi wa beseni tutajuaje?

Halafu kuna ugonjwa. Kwenye kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu, ambako moto hufika kwanza. Ukisaga, cha juu kinaingia ndani. Marekani, mwaka 1993, baga zisizoiva vizuri ziliugulisha watu zaidi ya 700, na watoto 4 wakafa. Tusidanganyane, kusaga mwenyewe hakuui vijidudu. Lakini beseni linaweza kuwa limechanganya ng'ombe watano na siku tatu, wakati kipande chako ni cha ng'ombe mmoja, na saa kilizokaa unazijua.

Hili hasa ndilo linaloniuma. Akiugua dereva mmoja pale Kobero, hakuna atakayesema fulani alinunua nyama mbaya. Watasema: "Ni wale waliorudi." Sisi hatuna bahati ya kukosea mmoja mmoja. Anayepika baga leo anapika na jina letu sote, na jina hilo huwezi kulikabidhi kwa beseni la mtu mwingine.

"Mashine ni ghali." Kweli, kwa nyumba moja. Lakini ile ya mkono, inayofungwa kwa skrubu pembeni ya meza, nyumba kumi zinaweza kuchangia, kama tunavyochangia sufuria za harusi. Na kabla ya mashine kuna kisu. Noa visu viwili, kata nyama vipande vidogo, kisha katakata huku na huku mpaka ikubali. Mkono utachoka, lakini baga itakuwa na nyama ya kutafuna, si uji. Na kama ni lazima usagiwe buchani, chagua kipande, simama hapo hapo, mwambie asafishe mashine kwanza. Kinachotoka mwanzo ni mabaki ya mteja aliyepita, si chako.

Chagua bega, uchanganye na kidari chenye mafuta. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu hana mafuta mengi, kwa hiyo omba ya kuongeza: mafuta sehemu moja, nyama sehemu nne. Toa mishipa na utando mweupe. Hatuna jokofu, basi nunua asubuhi, saga, pika saa hiyo hiyo. Usikande kama unga wa chapati, na chumvi nyunyiza juu wakati wa kuweka kikaangoni. Ukiikanda na nyama mapema, inashikana na kuwa ngumu kama soseji. Ive mpaka katikati. Hao wanaokula baga nyekundu ndani waache na majokofu yao.

"Lakini baga si chakula chetu." Na chapati ilizaliwa Muyinga? Pwani watu wanasaga nyama ya kababu tangu zamani, na hakuna anayewaambia wanaiga wazungu. Chakula kinakuwa chako ukijua kilichomo.

Isitoshe, sisi ni watu ambao wazee wetu walisalimiana "Amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Mzee wa zamani alimjua kila ng'ombe kwa jina na kwa rangi. Simwambii mtu arudishe zizi. Ardhi yenyewe iko wapi? Namwambia asishuke kutoka kujua ng'ombe mzima mpaka kutojua hata kipande anachomlisha mwanawe.

Kwa hiyo ukienda buchani, acha kusema "nipe ya kusaga." Nyoosha kidole, sema: "Nikatie pale." Akikuuliza tangu lini umeanza kuchagua, mwambie tangu ulipoanza kulipa.