DENI HALILIPWI KWA SADAKA

Ndugu wanachama, askari aliyepoteza mguu vitani si mwombaji. Ni mdai. Neno hili twalisema wazi kwa watu wa Mbeya na Iringa, kwa sababu nyanda hizi za juu za kusini zimejua mizigo ya vita kwa zaidi ya miaka mia, na zimeona pia jinsi anayetumwa vitani anavyosahauliwa akirudi.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yalipita Tukuyu yakaingia Iringa mwezi wa Agosti. Ugomvi ulikuwa wa Wazungu, lakini mizigo ilikuwa kichwani kwa Mwafrika. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina lao limebaki sokoni Dar es Salaam, pale Kariakoo.

Vita ya pili ilipokuja, vijana wa Tanganyika walivaa sare za Keya wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wote walivuja damu nyekundu, lakini kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi. Hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari mweupe alipewa hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Si ajabu basi kwamba waliotoka Burma, kama ndugu Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwa miongoni mwa walioanzisha TANU mwaka 1954.

Na Mwingereza alifanya nini? Mwaka 2018 serikali yake ilitangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa askari wake wa zamani wa makoloni waliobaki, ili wazee hao na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Mwenye njaa hakatai chakula, wala sisi hatumshauri akikatae. Lakini chakula anachopewa mzee wa miaka tisini si malipo ya haki aliyonyimwa akiwa kijana.

Basi tukishamhukumu Mwingereza, tujitazame na sisi. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, wananchi walitoa ng'ombe, vyakula na fedha, na mgambo wakaondoka vijijini kwenda kusimama na jeshi letu mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Desemba 2017, kule Semuliki karibu na Beni, walinzi wetu wa amani walishambuliwa usiku. Zaidi ya kumi waliuawa na wengi wakajeruhiwa. Waliokufa tunawaheshimu kila tarehe 25 Julai. Je, aliye hai mwenye risasi mwilini anaheshimiwa tarehe 26?

Heshima hiyo haipatikani kwa blanketi moja na picha moja. Mgambo aliyerudi Chunya au Kilolo na jeraha anahitaji mambo matatu: hati zinazothibitisha utumishi wake, daktari wa kulipima jeraha lake, na mtu wa kumsindikiza ofisini. Akikosa moja kati ya hayo, haki iliyoandikwa katika sheria haitamfikia nyumbani kwake.

Kwa hiyo twatoa shauri. Kila tawi la Mbeya na Iringa liandike majina ya majeruhi wa vita na wajane walio katika eneo lake. Katibu azisome hati zao, aone kinachokosekana, na alipeleke shauri la kila mmoja wilayani kwa maandishi. Nauli ya kwenda hospitali ichangwe na wanachama. Wakati wa mavuno, shamba la asiyeweza kushika jembe livunwe kwa nguvu za wote, kama desturi yetu ya ujima ilivyokuwa.

Lakini tawi lisiseme, "Tumempa gunia la mahindi, kazi imekwisha." Gunia hilo ni la kumwezesha kula huku akidai, lisiwe la kumnyamazisha. Mchango wetu ni undugu. Malipo yake ni haki, na haki hiyo inadaiwa kwa serikali, hata serikali hiyo ikiwa ni yetu wenyewe.

Taifa linalomwita kijana wake kwa ngoma lisimzike kwa kimya.

Uhuru na Kazi!